Mchwa wa Milembe

Mama Mgalula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anaapa kwamba yule mtu alimwona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa mrina asali, mtu mzima mwenye wake wawili, aliyempeleka mdogo wake kituo cha Mwanzala kutibiwa saratani ya ngozi. Mdogo mtu akalazwa, uso umefunikwa udongo, mchwa wanaingia na kutoka. Kaka mtu akachoka kukaa. Akajitazama mkono, akaona kipele ambacho hakukipenda. Akasema, na mimi si nijitibu hapahapa? Akautia mkono ndani ya kichuguu cha mdogo wake.

"Akautoa," Mama Mgalula husema, na hapo lazima aweke ungo chini ili mikono yake iwe huru, "akautoa, mwanangu, mfupa mtupu. Mweupe pe! Na maumivu hana. Anacheka! Wakamwambia urudishe haraka, wala usiutoe mpaka tukwambie. Wakamjengea nyama, wakamjengea ngozi. Lakini ngozi haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake. Mpaka lile kovu la mdogo mtu la kuungua uji utotoni likatokea kwenye mkono wa kaka."

"Ulimwonea wapi?" dada yangu Milembe alimwuliza.

"Mnadani."

"Na lile kovu ulijuaje kwamba ni la uji na si la chai?"

"Milembe, usinifanye mwongo kwa kuwa unaumwa."

Milembe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiovuta kidonda. Ilikuwa siku moja kabla hatujaondoka, na Mama Mgalula alikuwa amekuja kututia moyo.

Kijiji chetu kinaishi chini ya kitambaa. Kimetandwa kutoka mti hadi mti, kutoka kisimani hadi shuleni, na anayekishona ni Milembe. Dada yangu ana ualbino. Jua la siku hizi linamchoma hata mtu mweusi tii, sembuse yeye. Lakini ni yeye aliyejua kukikata kitambaa cha kivuli ili upepo upite na mwanga usipite. Kazi yake aliifanyia chini siku zote. Mara moja tu, kitambaa kilipochanika mchana juu ya darasa la watoto wadogo na mafundi wengine wakiwa mbali, alipanda ngazi mwenyewe. Kama ni siku ile au ni siku zote za maisha yake, hakuna ajuaye. Kilianza kitu pembeni ya pua, kama punje ya mtama. Kinatoa ganda, kinapona, kinatoa ganda. Halafu kikaacha kupona.

*

Wodi ya Mwanzala ni nyumba ndefu ya udongo. Vichuguu vimepangwa kando ya ukuta, kila kimoja kimo cha kifua changu, na kila kimoja kina kitanda chake. Kutoka kichuguuni unatoka mfereji wa udongo uliofunikwa, unapanda mguu wa kitanda, unapita juu ya mto, unaishia usoni au shingoni au begani kwa mtu. Nilisimama mlangoni nikatazama. Watu walikuwa wanaongea, wanakula viazi, mmoja anamsuta mwenzake kwa kukoroma, na huku mchwa wanapita mashavuni mwao.

"Ingieni, hawali wageni," alisema Daktari Sayi. Alikuwa mama mnene mwenye karanga mfukoni mwa koti, na alizitafuna wakati wote alipokuwa akizungumza.

Alimkalisha Milembe, akamtazama kidonda kwa kurunzi, upande huu, upande ule. Kisha akatueleza, na mimi nikamsikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza mwalimu wa darasa la saba, yule wa mwisho niliyempata.

"Zamani, nikiwa mwanafunzi, tulikuwa tunakata tabaka moja la ngozi, jembamba kama ganda la kitunguu. Tunalipeleka kwenye hadubini, tunatazama: mzizi wa saratani umebaki upande gani? Tunarudi, tunakata upande huohuo tu, tunatazama tena. Hivyo hivyo mpaka pawe safi. Ilikuwa kazi nzuri, msinielewe vibaya. Lakini mgonjwa anashinda na kidonda wazi, na pakishakuwa safi bado lipo shimo. Na wenye mikono ya kuifanya nchi nzima walikuwa wachache mno. Mchwa hawa kazi yao ni ileile, ila jicho na kisu viko kwenye mdomo mmoja. Na wakipita, wanaziba nyuma yao."

"Wanajuaje kibaya na kizuri?" nikauliza.

Daktari alimwinua Milembe mkono, akachukua kipande cha ngozi kwapani, kidogo kama ukucha wa mtoto. "Hapa jua halijawahi kufika. Hii ngozi iko kama alivyozaliwa nayo. Tunampa malkia ale, na damu yake kidogo pia, maana damu imepita kila mahali mwilini. Malkia anawafundisha watoto wake kwa kuwalisha. Kuanzia hapo wanamjua Milembe. Kinachofanana naye wanakiacha. Kisichofanana, wanaking'oa."

"Na mtu mwingine akitia mkono humo?"

Akaacha kutafuna. "Nani amekusimulia?"

"Jirani."

"Basi jirani yako ana masikio marefu. Yule alipoteza vidole viwili. Kila kitu chake hakikufanana na mdogo wake, wafanyeje? Kichuguu kikishamjua mtu, ni cha mtu huyo mpaka kife."

Milembe aliniangalia. Nilijua anachofikiria: kovu la uji halikutajwa.

Kisha daktari akamgeukia yeye, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya taratibu. "Mate yao yanaua maumivu, lakini yanalewesha. Utaongea, utacheka, utaimba ukitaka. Neno lako halitahesabika kuanzia leo hadi ganda lianguke. Hiyo ndiyo sheria yetu hapa, kwa sababu tuliwahi kuwasikiliza walevi na tukajuta. Neno litakuwa la mkaaji wako, yule atakayekaa kando ya kitanda chako. Na juu ya kichuguu kuna kifuniko. Kinachoamuliwa juu ya kifuniko kile anaamua mkaaji. Nani atakaa?"

"Huyu," Milembe akasema. "Nyamizi. Anaweza kutazama sufuria ya maharage mpaka ikaona haya ikaiva."

*

Siku ya kwanza nilitazama mpaka macho yakaniwasha. Walitoka kichuguuni kwa mstari, weupe, wadogo, kila mmoja na chembe ya udongo mdomoni. Waliufikisha mfereji mpaka shavuni kwake, wakalifunika shavu, pua na chini ya jicho kwa ganda jembamba, na Milembe akasema, "Wananitekenya," kisha akalala.

Daktari aliacha kijidirisha cha kioo kwenye lile ganda, cha ukubwa wa kifungo cha shati. Akaniwekea lenzi juu yake. "Tazama," akasema, "lakini usipumulie."

Nikaona. Sijui niandike vipi nilichokiona. Mchwa mmoja alikuwa anatembea juu ya nyama ya dada yangu. Anapapasa kwa pembe zake mbili, anaonja, anapita. Anapapasa, anaonja, anapita. Palipokuwa pazima alikwenda polepole bila kugusa kitu, kama mtu anayepita ndani ya nyumba ambamo mtoto amelala. Halafu akasimama. Akaonja mara ya pili. Wakaja wenzake wawili, nao wakaonja. Wakakata uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, wakauvuta, wakaukunja, wakauchukua. Na kabla pale palipokatwa hapajatoa hata tone, mwingine akatema kitu hapo, kikatulia, kikawa na rangi. Rangi ya dada yangu.

"Huyo hana macho," Daktari Sayi akaninong'oneza. "Ni kipofu kabisa. Nimefanya kazi hii miaka, kila nikitazama hapo natamani kuvua viatu."

Ukiweka sikio karibu na ganda ulisikia sauti ndogo, ya manyunyu juu ya majani makavu. Kila asubuhi palikuwa na rundo dogo la chembe za kijivu kando ya mguu wa kitanda. Hiyo ndiyo ilikuwa saratani. Daktari aliizoa akaichoma. Nikaanza kuamka nikiwa na hamu ya kuona rundo limepungua, na kweli, kila asubuhi lilipungua.

Hapo ndipo tulipozoeana na Wande. Alikuwa rika la Milembe, naye ana ualbino, na kidonda chake kilikuwa nyuma ya sikio, amekifunga kitambaa cha maua kama mtu anayekwenda harusini. Hakuwa na kitanda. Alikuwa anasubiri malkia. Mvua za kwanza zikinyesha, vifuniko vya vichuguu vilivyokwisha kuponya watu wao hufunguliwa, kumbikumbi wanaruka kuingia kwenye chumba cha nyavu, na katika maelfu hao daktari hupata malkia wawili au watatu wanaotulia na kuanza kichuguu kipya. Mwaka uliotangulia hakutulia hata mmoja; vichuguu vilivyokuwepo vilitokana na malkia wa mwaka juzi, na cha mwisho kilikuwa na jina la Milembe, aliyeandikishwa kabla ya Wande. Wande alikuwa amebaki kituoni tangu hapo, anafagia, anawapikia wagonjwa, na kwenye foleni alikuwa wa kwanza.

"Wande!" Milembe angemwita kutoka chini ya udongo, ulimi mzito. "Mchwa wangu wanakusalimia."

"Waambie wasinizoee. Mimi si chakula chao."

"Wanasema sikio lako zuri."

"Mlevi wewe. Nyamizi, mnyweshe dada yako maji, anaanza kutongoza kwa niaba ya wadudu."

Tulicheka wote watatu. Mimi na Wande tulikula sahani moja. Hana dada, hana mama. Alilelewa na shangazi aliyekuwa anamficha chini ya kitanda jua likitoka. Aliniambia hayo huku akichambua mchicha, kwa sauti ile ile aliyoniambia kwamba mchicha una mchanga.

*

Wanawake wa kijijini kwetu walikuja asubuhi moja, kivuli kingali kirefu, wakiongozwa na Mama Mgalula. Kwetu mtu akilaza mgonjwa hawamletei unga. Unga ulioletwa tayari ni wa kumpa mgeni. Wanakuja na vinu vyao vichwani na mtama wao kwenye vikapu, na wanatwanga palepale mgonjwa alipo, asikie, ajue kuwa kwake bado kuna mikono.

Wakavipanga vinu uani, kivulini, ukuta kwa ukuta na kitanda cha Milembe. Michi ikaanza. Mama Mgalula alianzisha wimbo, wenzake wakaupokea, michi sita ikawa inashuka kwa zamu, du-du-du, du-du-du, mpaka vumbi likacheza kwenye kizingiti. Milembe alisikia. Alitabasamu chini ya ganda, niliona kona ya mdomo wake inapanda. Mimi nami nilitoka nikashika mchi. Wande alishika mchi. Daktari Sayi alitoka na kikombe chake, akaonja togwa, akasema kituo hiki hakijawahi kuwa na furaha namna hii.

Na sisi sote pale, hakuna ambaye hakukua akifanya hivi: unakuta kichuguu porini, unakifunika, unakaa kando yake na fimbo, unapiga ardhi polepole, du-du-du, mpaka kumbikumbi walioko ndani wadhani ni mvua, watoke, uwakamate, uwakaange. Kila mtoto wa kwetu anajua. Mama Mgalula ndiye aliyenifundisha mimi. Tulitwanga mpaka jua likawa juu ya paa, wala hakuna aliyekumbuka.

*

Kesho yake rundo la chembe za kijivu halikuwepo. Nilifurahi kwanza. Nikadhani wamemaliza. Nikaweka sikio karibu na ganda: kimya. Nikatazama kwenye lenzi. Mchwa walikuwepo, lakini hawakuwa wanaonja. Walikuwa wamesimama wote wameelekea upande mmoja, upande wa kichuguu. Na kati yao akapita mmoja mweusi, mrefu, anaburuta mabawa.

Nilimwita daktari. Alitazama, akainuka, akaweka kiganja juu ya kifuniko. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale alipoutoa wake. Chini ya kile kifuniko cha udongo kulikuwa na mtetemo, kama moyo wa kuku ukimshika.

"Wanataka kuruka," akasema. "Bado mwezi mzima na zaidi kabla ya mvua. Kwa nini... " Akageuza uso kuelekea uani, ambako Mama Mgalula alikuwa ameegemeza vinu ukutani akisubiri gari la kurudi. Nilimwona anaelewa. Nami nikaelewa.

"Wakiruka itakuwaje?"

"Wakiruka, nitapata malkia. Kichuguu hiki ni chenye nguvu kuliko vyote humu; nisipopata malkia kwenye hiki, sijui nitampata kwenye kipi. Lakini kichuguu kikisharusha watoto, kimemaliza kazi yake duniani. Hao waliobaki wataacha kidonda. Hawarudi."

"Na dada?"

Akaleta picha waliyopiga jana yake, akanionyesha kwa kidole kinene kilichonuka karanga. Mashina yote yaliyokuwa pembeni ya pua yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa umebaki uzi mmoja. Ulipita chini ya jicho, ukafuata mshipa, ukaelekea ndani. "Huu. Kisu changu hakifiki hapa bila kuharibu kitu ambacho hakirudi. Wao wanafika. Ukiachwa ulivyo, umekatwa nusu, utakimbia. Mvua za mwaka huu anaweza kuziona. Za mwakani hapana."

"Na tusipofungua?"

"Wenye mabawa watakufa humo ndani, leo hii, kwa joto. Wafanyakazi watawafanya chakula. Wakishawala watakuwa na nguvu, watarudi kazini kana kwamba hakukuwa na kitu. Ndivyo walivyo."

"Hakuna njia ya katikati? Wachache waruke, wachache wabaki?"

"Ningekuwa nayo ningekuwa nimeshaifanya, mwanangu."

Wande alikuwa amesimama nyuma yetu na ufagio. Sikujua ameanza kusikiliza wapi. Alisogea, akasimama pale ambapo ningeweza kumwona.

"Mwambie na langu, daktari," akasema. "Asikie yote mawili."

"Wande."

"Mwambie."

Daktari Sayi alitia mkono mfukoni, akatoa karanga, akazirudisha. "Kidonda cha sikio lako kimefika mfupani. Mwaka mzima ni mrefu. Si kwamba haiwezekani. Ni mrefu."

Mama Mgalula aliingia wakati huohuo kuaga. Alipoambiwa, alikaa chini sakafuni. "Ni mchi wangu," akawa anasema. "Ni mimi niliyeanzisha. Ni mchi wangu, jamani." Wande ndiye aliyemshika bega.

Na hapo Milembe akasema. Jicho lake moja, lile lililokuwa nje ya ganda, lilikuwa wazi, linang'aa.

"Waachieni watoto waende. Nyamizi. Nawasikia wanagonga. Wana safari. Mwachie Wande watoto wake."

Nilimtazama daktari.

"Neno lake halihesabiki," akasema. Lakini alilisema kwa kutazama chini, maana sote tulijua kwamba hata bila mate ya mchwa, hata akiwa mzima wa saa nne asubuhi na sindano mkononi, Milembe angesema hivyohivyo. Ndivyo alivyopanda ngazi siku ile.

Niliweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko. Chini yangu walikuwa wanagonga. Niliwahisi mmoja mmoja, kisha kwa mamia, kisha hawahesabiki tena, mabawa yanasugua udongo, na kwenye lile joto la kifuniko nikaona kichwani mwangu jinsi ambavyo wangetoka: nguzo ya mabawa inayopanda mpaka darini, inayong'aa, kila mmoja wao akiwa amembeba ndani yake mtu ambaye bado hajamjua. Ningenyanyua kidogo tu. Kifuniko chenyewe chepesi, hata mtoto angekinyanyua.

Watu wameniuliza baadaye nilikuwa nafikiria nini. Milembe alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu kwa kidole chake kidogo. Nilikuwa nafikiria hicho kidole.

Sikufungua.

Nilisimama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Kugonga kukazidi, kukawa kama jungu linalochemka. Milembe akalia kidogo, akawabembeleza, akawaimbia. Kisha kukaanza kupungua. Kukawa huku na huku. Kukawa kimoja kimoja. Kikabaki kimoja peke yake, kinapumzika, kinagonga, kinapumzika. Huyo nilimngojea mpaka mwisho wake.

Kimya kilipokuwa kimekaa, nikasikia manyunyu juu ya majani makavu.

Walikuwa wamerudi. Daktari Sayi aliinama kwenye lenzi, na alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. "Wako kwenye uzi," akasema. "Wanaufuata."

Badala ya chembe za kijivu, jioni ile walianza kutoa mabawa. Waliyatoa kwa mstari, kila mchwa na bawa lake, wakayalundika kando ya mguu wa kitanda. Mepesi, yanapitisha mwanga, na kila mlango ulipofunguliwa yalipeperuka sakafu nzima ya wodi. Wagonjwa waliyafuata kwa macho.

Aliyeyafagia ni Wande. Hakuniruhusu nimsaidie.

*

Ganda la Milembe lilianguka lenyewe, kipande kwa kipande, asubuhi akinywa uji. Kipande cha mwisho kilitumbukia ndani ya kikombe, naye akakitoa kwa kidole, akakitazama, akaniuliza, "Bado nina pua?"

Wodi nzima walikuwa wamekuja kuzunguka kitanda, wengine na mifereji yao ya udongo ikiwazuia kusogea, wamenyoosha shingo. Palipokuwa na kidonda palikuwa na shavu. Si kovu, si kiraka. Shavu. Halikuwa na doa hata moja la jua, laini, na vinyweleo vidogo vya dhahabu vimelala upande mmoja, kama mtu aliyetoka kuzaliwa sasa hivi upande mmoja wa uso. Chini ya jicho ilikuwepo ile mikunjo miwili ya kucheka aliyoirithi kwa mama yetu. Mchwa wasio na macho waliirudisha hata hiyo. Walijuaje? Daktari Sayi alipapasa, akapiga picha, akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akaketi kwenye kitanda cha mtu mwingine bila kuomba. "Safi," akasema. "Mpaka ndani, safi." Mzee mmoja mwenye ganda shingoni alianza kusali kwa sauti, na wa dini nyingine wakaitikia amina.

Milembe hakukumbuka chochote. Alisema tu aliota ndoto ndefu ya mvua.

Mvua zenyewe zilikuja wiki iliyofuata. Vifuniko vya vichuguu vingine vilivyomaliza kazi vikafunguliwa. Kumbikumbi waliruka, hawakuwa wengi, na katika chumba cha nyavu alitulia malkia mmoja. Wa pili kwenye foleni alikuwa mtoto mchanga mwenye kidonda mdomoni. Wande alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyavu. Daktari alipomgeukia, yeye alikuwa ameshasogea kando ili mama wa yule mtoto apite.

Siku tuliyoondoka, gari la kivuli lilikuwa limeshawasha, mapazia yameshushwa. Milembe alikuwa ndani, anajitazama kwenye kioo cha dereva, na dereva anamwambia, "Dada, utakimaliza kioo." Mimi nilirudi kuchukua sufuria. Wande alikuwa ameisafisha mpaka inang'aa. Kile kitambaa cha maua sikioni kilikuwa kimeongezwa kingine juu yake.

"Hukunifungulia," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakutazama. Nilitaka nikuchukie, nikakutazama vizuri ili nikuchukie vizuri. Dada yako anakuomba, mimi nimesimama hapo, daktari hana la kusema, wadudu wanalia chini ya mikono yako. Hukutikisika." Akanipa sufuria, lakini upande wake wa mpini hakuuachia. "Mwakani nikiwa hai, na nikipata kichuguu, nitahitaji mkaaji. Shangazi angefungua, ana huruma na kila mtu. Mimi nitakuwa nimelewa, nitakuwa nasema waachie, waachie, nani asiyesema hivyo? Na patakuwa na mwingine amesimama na ufagio, labda mtoto. Nataka mikono yako, Nyamizi. Uje ukae."

Dereva akapiga honi. Milembe akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Utakuja?" Wande akauliza, na sufuria bado tumeishika wote wawili.